Mgeuza Chupa wa Kamina

Ukimkaribisha Papa Magasinier chai, usitegemee kwamba ataanza kwa kunywa. Kwanza atainua kikombe, atakichungulia chini, na kama umeshamimina, chai itamwagika kwenye kitambaa chako cha meza naye hataomba radhi. Nimemwona akigeuza sahani kwenye harusi na sinia la sadaka kanisani. Siku moja alikwenda hospitalini kumtazama mgonjwa, akageuza kiatu cha mgonjwa kilichokuwa chini ya kitanda. Huko chini alikuwa akitafuta alama ya kiwanda, mkwaruzo, ushahidi wowote. Alitunza ghala la reli hapa Kamina miaka mingi sana, na alipostaafu, ghala lilibaki kwa wenyewe lakini tabia alirudi nayo nyumbani.

Jina analo, kama watu wote, ila sijapata kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Magasinier, yaani mtunza ghala. Naandika habari zake kwa sababu ya neno moja ambalo hakuwa amewahi kulitamka, na ambalo mimi nililingoja kutoka mdomoni mwake msimu mzima wa mvua na sehemu kubwa ya kiangazi. Neno lenyewe ni "nilikosea". Aliita chupa ya marehemu baba yangu chupa ya uongo, mbele ya kila mtu mwenye simu, na jina la mama yangu likachafuka pamoja na chupa. Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Nyumbani kwake, katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, sukari ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Mkewe akitaka sukari, aliandika karatasi: kiasi gani, kwa sababu gani, tarehe ngapi. Magasinier aliisoma mara mbili, akauliza ile ya jana ilikwenda wapi, kisha akafungua. Mkewe, mwanamke mpole wa kutoka Kabongo, aliniambia kwamba miaka ya kwanza alilia, miaka ya katikati alicheka, na sasa alikuwa na ufunguo wake wa pili, aliochongewa na fundi wa sokoni. Karatasi hakuacha kuziandika.

"Nikiacha kuandika atagonjwa," alisema. "Muache tu na makaratasi yake."

Huyu mtu aliyechukia kila kitu cha uongo alikuwa na nywele nyeusi tii, na umri wake kila mtu aliujua. Rangi ilitoka kwenye kopo dogo alilonunua mwenyewe sokoni, akilificha ndani ya gazeti. Mvua ikimkuta njiani, kola ya shati ilituambia yote. Saa yake ya mkononi ilikuwa ya dhahabu kwa mbali, na haikuwa ikitembea. Ukimuuliza saa ngapi aliitazama kwa heshima zote, halafu akainua macho kutazama jua.

Na alipenda kujiita mtu wa reli. "Siye bantu ba reli," alikuwa akisema, akinyoosha koti lake la kaki, na angekuelezea daraja la Bukama, stesheni ya Lubumbashi, abiria wa Kabongo na magunia yao, mpaka usahau kwamba hakuwahi kupanda treni hata siku moja. Ndiyo, hata siku moja. Aliamini kwamba akiondoka Kamina, ghala litaibiwa, na alipostaafu aliamini hivyo hivyo kuhusu kabati la sukari. Mama yake alipofariki huko Kabongo, treni ilipita mlangoni pake, yeye akaenda kwa baiskeli ili aweze kurudi saa yoyote moyo ukimsuta. Alifika kilio kimekwisha na watu wamerudi mashambani. Baba yangu, ambaye alikuwa chef de train, mkuu wa treni, na alimaliza maisha yake ya kazi ndani ya fourgon, lile behewa la nyuma la mizigo, alikuwa akimcheka wazi: "Ule Magasinier iko muntu wa reli sawa vile minyi niko askofu."

Sasa chupa. Sijui ni nani hasa aliyeanza, lakini mtu mmoja alichimba shimo la choo nyuma ya nyumba za zamani za reli, akatoa chupa ya pombe ya jini ya enzi za Wabelgiji, akaiweka kwenye mnada wa mtandaoni, nayo ikaondoka kwa bei nzuri. Mnada huo uko ndani ya simu. Unaweka picha za kitu chako, watu wanapandishana bei chini yake hadi Jumapili jioni, na wa mwisho anachukua. Wanunuzi wako Lubumbashi, Kinshasa na Ulaya, watu ambao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hupenda kununua chupa tupu. Habari ikaenea. Kwa muda wa miezi michache, Kamina nzima ilikuwa ikichimba. Na chupa za kweli zilipokwisha ardhini, watu wakaanza kuzizaa.

Ufundi ulikuwa wa kila aina. Wengine walizika chupa za juzi kwenye kichuguu. Wengine walizipika ndani ya majani ya chai. Shemasi mmoja, sitamtaja, alizitumbukiza kwenye dimbwi la kulowekea mihogo, kwa sababu matope yale yanashika kwenye kioo na hayatoki kwa sabuni. Na karibu wote walikwenda stesheni na kusugua vitako vya chupa kwenye saruji ya jukwaa la abiria, mbele nyuma, mbele nyuma, ili chupa ionekane imekaa mezani miaka mingi.

Hapo ndipo Papa Magasinier alipopata kazi ya pili maishani mwake, bila mshahara na bila mtu kumwajiri. Mimi nina kibanda cha fotokopi mbele ya stesheni. Kila Jumamosi asubuhi aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wateja kama cha kwake, akasema, "Mutoto ya Chef, fungua mnada." Simu alikuwa nayo, lakini vidole vyake vilikuwa vinene na alikwisha kumpigia askofu kwa bahati mbaya mara mbili. Kwa hiyo mimi nilifungua, yeye akatazama kwa lenzi ya fundi saa, jicho limeganda kwenye kioo cha simu.

"Leta matako," alisema.

Alikuwa na maana ya kitako cha chupa. Kuna mama mmoja wa kwaya aliyekuwa amekuja kupiga nakala za nyimbo siku hiyo, akatoka bila kungoja nakala zake.

Akikuta ya uongo, aliniamuru nibonyeze "signaler", yaani kuripoti, kisha aliniandikisha rapport, taarifa kama zile za ghala. Kila rapport ilitoka nakala tatu: ya kwanza ya msimamizi wa mnada huko Lubumbashi, ya pili ya muuzaji mwenyewe, ya tatu ya archives. Archives ilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda chake. Ndani ya rapport alieleza kila kosa kwa utaratibu, na kusema kweli nilijifunza mengi. Chupa ya zamani, mshono wa kioo unapanda ubavuni na kuishia shingoni, kwa sababu mdomo ulibandikwa kwa mkono wa fundi. Ya sasa, mshono unakwenda hadi juu kabisa. Ya zamani ina vipovu ndani ya kioo. Na kitako cha kweli kina mikwaruzo ya kila upande, maana mikono ya watu wengi huiweka chupa chini kila mmoja kwa namna yake. Kitako kilichosuguliwa kwenye saruji kina mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Hii ya mwisho aliipenda kuliko zote. Aliiita sheria.

"Muntu anasemaka bongo," alikuwa akisema, na bongo kwetu ni uongo. "Kintu haisemaka."

Alinifurahisha, siwezi kukataa. Chupa ya shemasi aliiangusha kwa dakika moja, kwa sababu shingoni kulikuwa kumebaki nyuzi za muhogo. "Andika," akaniambia. "Bazungu ba ile wakati, balikuwa banalowesha mihogo mu chupa ya jini?" Nikaandika, shemasi akapata nakala yake, na tangu siku hiyo alipopita mbele ya kibanda changu alitazama treni hata kama hapakuwa na treni.

Kisha akaja muuzaji kutoka Bukama, mtu wa maneno matamu, ambaye alitangaza chupa iliyochimbwa Katoto, ndani ya makaburi ya watu wa kale ambayo wataalamu huja kuyasoma. Picha zilikuwa nzuri sana. Magasinier aliomba nikuze picha ya bega la chupa, nikuze tena, nikuze tena, mpaka tukaona kipande cha karatasi kidogo kama ukucha, chenye ile mistari myeusi inayosomwa na mashine za madukani. Muuzaji alipita Kamina wiki hiyo akaja kujitetea.

"Papa, nakuapia, iyi chupa ilitoka mu kaburi."

"Babu ba zamani ba Katoto balikuwa na supermarché?"

"Papa..."

"Geuza uende. Kesho lete sabuni ya kutosha, bale ba kaburi batoe karatasi mbele ya kufa."

Tulicheka siku nzima. Lakini sitamsifu peke yake kwenye habari hii, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuliona. Rapport zake zilikuwa shule. Kila muuzaji aliyekamatwa alipokea karatasi inayoeleza vizuri, kwa vipengele, amekosea wapi, na chupa yake iliyofuata ilikuja bora zaidi. Nilimwambia. Akanijibu kwamba yeye anafundisha ukweli, wanaojifunza uongo ni shauri lao. Na mimi nani wa kusema? Nakiri hapa: watu walikuja kimya kimya kuuliza rapport ya mwenzao, na mimi nilikuwa nikipiga nakala ya nne. Nilikuwa muuza masomo, yeye akiwa mwalimu asiyejua kwamba ana darasa.

Watu walimwogopa na walimchukia, na wengine waliomjua tangu utoto walikwenda kwake jioni na kuku, wakiomba aache kuwatazama. Kuku aliwapokea, akawageuza, akawarudisha. "Sina na camarade mu magasin," alisema, yaani ghalani hana rafiki. Maneno hayo aliyasema tangu enzi za ghala, kwa wafanyakazi walioomba misumari ya kuezekea nyumba zao. Nilikuwa nikiyapenda sana maneno hayo mpaka siku yalipotuangukia sisi.

Baba alikuwa na chupa. Ilikuwa ya kijani, nene, yenye mabega ya mraba, aliyokabidhiwa na mzee aliyekuwa chef de train kabla yake, ambaye naye aliikuta kwenye behewa. Baba aliitumia kwa maji ya kunywa safarini. Ndani ya fourgon kulikuwa na kisanduku chembamba cha mbao kilichopigiliwa sakafuni, na chupa ilisimama humo, safari baada ya safari, Kabongo, Bukama, Lubumbashi na kurudi. Alipostaafu alikuja nayo nyumbani, akaiweka dirishani, na alipofariki ilibaki dirishani.

Mama alitaka kulijengea kaburi la baba saruji. Mvua mbili zilikuwa zimepita juu yake na udongo ulikuwa umeanza kubomoka upande wa miguu. Siku moja alinionyesha chupa akasema, "Iyi njo itamujengea nyumba. Yeye njo aliichunga." Niliipiga picha mwenyewe: mdomo, mshono ulioishia shingoni, vipovu, na kitako, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nilifungua akaunti kwa jina la mama na sura ya mama, maana chupa ilikuwa yake. Kwa siku nne bei ilipanda. Mama aliuliza kila jioni kama bado inapanda.

Jumamosi Papa Magasinier akaja. Alitazama mdomo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama vipovu. Alipofika kwenye kitako, alifuta lenzi kwa kola ya shati, akatazama tena.

"Iko na mikwaruzo ya upande mumoja."

"Papa, ni chupa ya Baba. Uliiona dirishani kwetu."

"Niliona chupa. Sikuona matako. Piga signaler."

"Sipigi."

Akachukua simu mkononi mwangu na kwa kidole kile kinene, polepole, akapiga mwenyewe. Safari hii hakukosea.

Mama alipopata habari hakupiga kelele. Alifunga chupa ndani ya kitenge akaenda kwa Magasinier, nami nyuma yake. Alimweleza habari ya fourgon na kisanduku cha mbao. Alimweleza kwamba treni inatikisika, na kwamba chupa iliyobanwa kushoto na kulia inabaki kucheza mbele na nyuma tu, miaka yote hiyo.

"Mama Chef," akasema Magasinier, na alisema kwa upole, ambao uliniudhi kuliko ukali, "treni iko inapita ku chuma. Chuma iko laini. Chupa itachezea nini? Muntu aliisugua ku ciment."

"Nani? Bwana yangu?"

"Sijui nani. Kintu haisemaka bongo."

"Na minyi, nasemaka bongo?"

Mama akafunga chupa yake tena. Msimamizi wa mnada akaifunga akaunti, akaweka sura ya mama yangu kwenye orodha ya wauzaji wa uongo, katikati ya mtu wa Katoto na shemasi. Watu wa Kamina wote wanaitazama orodha ile, wanaitazama kuliko mnada. Mama alikuwa na ufunguo wa kabati la sakristia, ambamo hukaa kalisi na vitambaa vya altare, na aliushika tangu mimi nikiwa msichana mdogo. Jumapili hiyo aliufunga ndani ya leso, akampelekea padri kabla hajaombwa. Nadhani alitegemea padri atakataa. Padri aliupokea, akasema, "Pumuzika kidogo, Mama." Nililia njia nzima, yeye hakulia, na alipofika nyumbani alijaza chupa ya baba mafuta ya mawese akaiweka jikoni.

"Kama iko ya bongo, itumike sawa ya bongo," akasema.

Jumamosi iliyofuata Magasinier aliingia kibandani mwangu kama kawaida, akavua kofia. Nikamwambia mashine imeharibika. Aliinama, akachungulia chini ya mashine, akagusa waya, akainuka.

"Machine iko muzima. Weye njo uko mubovu."

"Eyo vidye," nikamjibu, lile jibu la heshima la Kiluba, kwa sauti isiyokuwa na heshima yoyote. Alitoka. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na pia, nitasema, nilikosa kazi ya kufanya siku za Jumamosi. Chupa za uongo zilijaa kwenye mnada kama uyoga, nami nilizitazama zikipita nikisema moyoni, acheni zipite. Kaburi la baba liliendelea kubomoka. Mimi sikutaka bei tena. Nilitaka lile neno tu, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba sitalipata.

Kiangazi kilipofika, wastaafu wa reli waliitwa Lubumbashi waonekane kwa macho kwamba wako hai. Magasinier alituma barua, nakala tatu, kuthibitisha kwamba yuko hai. Wakamjibu kwamba wanataka mwili. Alizunguka siku kadhaa akiuliza watu kama baiskeli inaweza kufika Lubumbashi, na siku ya treni nusu ya mtaa walikwenda stesheni kumwona mtu wa reli akipanda treni. Nilikwenda na mimi, sitajificha. Alikuwa na koti la kaki, funguo za kabati shingoni, na chupa mpya ya kioo, yenye chai, iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Alipanda kwa mguu wa kushoto, akashuka, akapanda kwa wa kulia. Treni ilipoanza kusogea alishika dirisha kwa mikono miwili. Tulicheka mpaka behewa la mwisho likapotea.

Zilipita wiki tatu. Nilikuwa nimeketi kibandani, mchana, jua kali, mzee mmoja akaingia, mwenye mvi kichwa kizima na vumbi hadi kwenye kope. Nilimwambia karibu Papa, nikauliza anataka nakala ngapi. Alipovua kofia ndipo nikamjua. Rangi ilikuwa imetoka yote njiani. Sikuwa nimewahi kumwona na nywele zake.

"Mutoto ya Chef. Machine imepona?"

Kitu fulani katika sauti yake kilinifanya nijibu vizuri. "Imepona, Papa."

Alikuwa bado hajafika nyumbani. Mzigo wake ulikuwa mlangoni. Alitoa ile chupa ya chai, tupu, akaisimamisha juu ya kioo cha mashine yangu, akaifunika kwa koti lake ili mwanga usitoke.

"Piga."

Nikapiga. Karatasi ilitoka nyeusi, katikati duara jeupe, na ndani ya duara mistari myembamba, yote imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Tuliitazama wote wawili.

"Niliinunua mupya," akasema. "Niliangaria matako mbele ya kujaza chai. Ilikuwa safi. Nikaiweka chini ya kiti, kati ya mbao mbili, ku mchanga ile bantu banaletaka na viatu. Ikaanza kucheza. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nilikuwa naisikia, krii, krii. Mbele ya kufika stesheni ya Luena nilikuwa nimejua." Akagusa ile mistari kwa kidole. "Na kisha Luena, safari ilikuwa ingali murefu sana."

Sikumsaidia.

"Fungua mnada. Tafuta jina yangu."

Nikaitafuta akaunti yake, ile tuliyoifungua pamoja.

"Piga signaler."

"Papa, ni wewe mwenyewe."

"Najua. Soma ile banaandika."

Ukiripoti mtu, simu inakuuliza sababu, nawe unachagua. Nikamsomea: anajifanya mtu mwingine, anauza vitu vya uongo, anatukana, anasumbua watu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akiipima kila moja, na kwenye "anajifanya mtu mwingine" alishika nywele zake akaziachia.

"Ya kusema alikosea haiko?"

"Haiko, Papa."

"Angaria chini."

Nikateremsha hadi mwisho. Haikuwepo.

"Basi andika ku karatasi."

Aliniandikisha kwa utaratibu wake wote, kwa vipengele, pamoja na picha ya kitako kama ushahidi: kwamba mkaguzi hakuwa amewahi kusafiri kwa njia ya reli, kwamba aliambiwa ukweli na mjane akakataa kuusikia, kwamba sheria yake ilikuwa sheria ya meza na siyo ya treni. Nilipofika kwenye neno lenyewe nilikosea herufi, nikaanza upya. Nakala ya kwanza ya Lubumbashi. Ya pili ya Mama Chef. Ya tatu nikaiweka kando, ya archives.

"Hapana," akasema. "Ile ya paroisse, ya kanisa. Padri aisome mbele ya bantu, na arudishe ufunguo."

Nilipiga na ya nne. Hiyo sikumuuzia mtu, ninayo mpaka leo.

Nilifunga kibanda tukaenda kwetu, yeye mbele. Mama alikuwa uani anachambua maharagwe. Kwenye meza ndogo kando ya mlango wa jikoni ilikuwepo chupa ya baba, nusu ya mafuta ya mawese. Magasinier aliiona. Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea shingo ya chupa, kama ulivyonyooka maisha yake yote, kisha akaushika kwa mkono wa pili akaurudisha kifuani.

"Moyo, Mama Chef," akamsalimu.

Mama alizitazama mvi zake, akatazama karatasi. "Nini ile?"

"Rapport."

"Ingine?"

Akampa. Mama hakuipokea. Alipangusa mikono yake kwenye kitenge, taratibu, akaikunja juu ya magoti.

"Soma," akasema. "Ku Swahili. Sitaki Kifaransa ya magasin."

Papa Magasinier akasoma, akiitafsiri, amesimama juani, kofia mkononi. Aliruka vipengele, alikwama, alirudia. Mwishoni sauti yake ilishuka ikawa ndogo, lakini mimi nilisikia na mama alisikia, kwa sababu niliona vidole vyake vikishikana: "Ile chupa ya Chef iko ya kweli. Mama Chef hakusema bongo. Minyi njo nilikosea."

Mama akainua mkono, akauweka karibu na sikio.

"Papa Magasinier, sikusikia muzuri. Sufuria iko inapiga makelele. Soma tena."

Akasoma tena, kwa sauti ya ghala sasa, mpaka majirani wakatoka milangoni. Nami nikageuka kutazama jikoni. Mbabula yetu, lile jiko la makaa, ilikuwa baridi, na sufuria ilikuwa imeoshwa na kuanikwa ukutani, kitako juu.